Kaka, Nimeifungua Plagi Mwenyewe

Kaka yangu Shija,

Shikamoo.

Naiandika hiyo shikamoo kwa sababu Mama alitulea hivyo, na kwa sababu wewe ni mkubwa wangu hata ufanye nini. Usidhani imenitoka kirahisi. Nimekaa hapa barazani Buswelu, nikaiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Kukupigia nimechoka. Simu yako inaita mpaka inakata yenyewe, na wifi ananiambia umekwenda Kahama kikazi na hajui utarudi lini. Kahama si Ulaya, kaka. Mtandao upo. Basi nakuandikia. Barua hii nitampa wifi mkononi, na nimeshamwambia haina siri: akitaka aisome, Baba Mdogo akitaka aisome, na yeyote mwenye dada yake naye aisome.

Kabla sijafika kwenye lililonileta, nataka nikukumbushe mambo yetu mawili matatu, kwa sababu naona umeyasahau, au unataka mimi niyasahau.

Unaikumbuka pampu ya Baba? Ile ya bluu, nzito, iliyokuwa inavuta maji ziwani kule shambani Igombe, imefungwa kwa mnyororo kwenye jiwe ili isiibiwe. Ilikuwa na kiburi kuliko punda. Baba akivuta kamba mara kadhaa ikakataa, alikuwa anaisema kwa Kisukuma maneno ambayo Mama alituziba masikio tusiyasikie, kisha anakaa pembeni kujipepea na kofia. Hapo ndipo ulipokuwa unaingia wewe. Ulikuwa ukitoka shule wakati wa likizo unashinda gereji, na ukaja na ujuzi wako wote nyumbani. Ulikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mimi nikiwa nimeshika spana, tayari kukupa utakachotaka.

Ulikuwa mwalimu mzuri, sitakunyima hilo. Uliniambia injini ikiwa ya moto usiiguse, iache ipoe, la sivyo utaunguza mkono na utaharibu meno ya kichwa cha injini, pale plagi inapojifunga. Ukanionyesha kupuliza vumbi pembeni mwa hiyo plagi, inayorusha cheche ndani ya injini, kabla ya kuifungua, ili mchanga usidondokee ndani. Ukanifundisha kuchomoa kile kikofia kwa kukishika chenyewe, siyo kwa kuvuta waya. Plagi ikitoka, ulikuwa unaiinua kwenye mwanga na kuniuliza, "Kabula, inasema nini hii?" Nami najibu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, mashine nzima. Ikiwa nyeusi na masizi makavu, inakunywa petroli kuliko hewa, kasafishe chujio la hewa. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, ringi zimechoka, Baba ajiandae. Ikiwa nyeupe, inaungua ndani. Nilikuwa najua kusoma plagi kabla sijajua kusuka nywele, na wasichana wenzangu shuleni walinicheka kwa sababu vidole vyangu vilinuka petroli.

Ulinitania sana pia. Baba aliniita Kabula kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha, na wewe ukawa unasema mtu mwenye jina la mvua anatafuta nini kwenye pampu, si akae tu shambani wingu limfuate. Nilikuwa nakasirika, nakurushia matope. Sasa hivi ningelipa chochote nikutupie tope nikijua tunacheza.

Na unakumbuka ndoo ya kwanza. Hilo huwezi kulisahau. Ilikuwa sheria ya Baba, wala sijaikuta kwa mtu mwingine yeyote: nyanya zikianza kuiva, ndoo ya kwanza haiendi sokoni, haiuzwi, haigawiwi. Ni ya aliyeleta maji. Alikuwa anaijaza mwenyewe, anachagua zile nyekundu zisizo na doa, anakutwisha wewe, na wewe unaibeba kutoka Igombe ukijifanya haikuumi shingo. Njiani ulikuwa unanipa moja. Tunakaa kwenye majabali, unatoa chumvi uliyoifunga kwenye kipande cha gazeti, tunakula mpaka mate yanatutoka. Kila mwaka nilikuwa nakuonea wivu, lakini ulikuwa wivu wa kupenda. Nilisema moyoni, siku moja na mimi nitaleta maji.

Baba alipofariki, wewe ulikuwa umeshafungua gereji yako Buhongwa, una wateja wako wa pikipiki na pampu na mashine za kusaga. Shamba nikalichukua mimi. Ile pampu ya bluu ilikuwa imemfuata mwenyewe, haikuwaka tena. Ndipo ulipokuja na ile nyekundu, mpya, umeifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa ndani wa tairi. Ulinikabidhi kamba ukasema, "Vuta wewe, shamba ni lako." Nikavuta. Ikawaka. Mpira wa maji ukakurupuka kutoka mkononi mwako, ukakupiga maji kifuani mpaka ukaanguka kwenye matuta. Mama alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu tuondoe mikeka ya msiba. Siku hiyo nilikupenda kuliko mtu yeyote duniani, nakuambia bila aibu.

Mavuno yale ya kwanza niliijaza ndoo kama alivyokuwa anaijaza Baba, nikakuletea Buhongwa. Uliipokea kwa mikono miwili.

Kisha yule mtu wa hoteli akaja. Alizunguka shamba letu na viatu vyake vyeupe, akatazama ziwa, akatazama majabali, akasema hapa pangefaa vibanda vya wageni. Wewe ulilichukua neno lake ukaja nalo nyumbani. Ulisema gereji inataka mashine kubwa, ulisema wote tutanufaika. Mimi nikakataa. Sikukutukana, sikupiga kelele. Nilisema tu kwamba Baba yuko pale, jasho lake liko kwenye matuta yale, na mimi ndiyo kazi yangu. Ukasema, "Haya, Kabula. Kama ndivyo unavyotaka." Nikaamini yameisha.

Kiangazi kilichofuata pampu ikaanza kukohoa.

Nataka ukumbuke ilivyokuwa. Ulikuja ukiwa na mkoba wako wa spana. Nilitaka kuifungua plagi nikutazamie, kama zamani, ukaniondoa mkono. Ukaniambia, "Hii achana nayo. Ile ya Baba ilikuwa chuma kitupu. Hii kichwa chake ni alumini, laini. Ukikosea kidogo tu meno yanachubuka, injini nzima inakuwa chuma chakavu. Plagi nitakuwa nafunga mimi." Nikakubali. Kwa nini nisikubali? Wewe ni fundi, na ni kaka yangu. Nikakupikia sato, nikakutengea na michembe ya karanga, vile viazi vikavu unavyovipenda, ukala ukashiba, ukalamba vidole.

Ulifunga plagi mpya, pampu ikawaka, tukafurahi. Ukaenda zako. Siku mbili tatu baadaye ikaanza tena: inawaka vizuri, inanguruma, lakini ikishapata mzigo wa maji inamisi, inakohoa, inakata. Ninavuta kamba mpaka bega linauma. Nakupigia. Unakuja kesho kutwa, au wiki inayofuata, una kazi nyingi. Unafunga nyingine. Nampa Mama habari njema. Inakata tena. Katikati ya hayo yote jua halikuwa linamsubiri mtu. Nyanya zilikauka zikiwa na maua yake. Zile chache zilizobeba zilibaki ndogo, zikawa nyeusi kwa chini.

Siku moja wakati huo niliona ile midomo ya plagi uliyokuwa unafunga, kale kachuma kaliko juu na ncha ya katikati, nikakuuliza mbona vimekaribiana hivyo, vinakaribia kugusana. Nilikumbuka kwenye pampu ya Baba ilikuwa na nafasi. Hukusita hata kidogo. Uliniambia, "Za siku hizi ndivyo zilivyo. Plagi nzuri ni iliyofumba mdomo, moto wake haupotei." Nikaiweka akilini kama nilivyoweka mengine yote uliyonifundisha.

Na ile siku nililia. Nilikaa mwisho wa matuta, mbele yangu nyanya zote zimelala chini, ukaja ukakaa karibu yangu ukaniwekea mkono begani. Ukasema, "Si kila mtu ni wa shamba, Kabula. Hata Baba angefika mahali akachoka. Usijilaumu." Nilikushukuru, kaka. Nilikuambia ahsante kwa kuja kila mara bila kunidai kitu, na wewe ukanijibu, "Ndugu hatozwi." Niliyarudia maneno hayo kanisani mbele ya watu. Nilisimama nikasema Mungu amenipa kaka. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele akitikisa kichwa kwa furaha.

Kikao cha familia unakijua, ulikuwepo. Baba Mdogo alisikiliza wote, akasema shamba lisilotoa kitu ni vigumu kulitetea, lakini tumpe Kabula kiangazi kimoja zaidi. Bustani ikisimama, shamba linabaki la familia na halizungumzwi tena. Ikikauka, linauzwa. Wewe ulisema hiyo ni haki. Tulipotoka nje ukaniambia usijali, pampu utaisimamia mwenyewe. Ukaja ukafunga plagi, na nyingine ukaziweka kwenye kopo la maziwa ndani ya kibanda cha pampu, ili ukija usihangaike kuzitafuta. Ukanionya tena nisiguse.

Sasa nakuambia usiyoyajua.

Kiangazi hiki kilipokaza, pampu ikaanza mambo yake. Nikakupigia. Hukupokea. Nikampigia wifi, ndiyo hiyo habari ya Kahama. Majani yalikuwa yanajikunja ifikapo saa sita, maua yanadondoka. Nilikaa nikaitazama ile pampu nikasema, kama itakufa, na ife mikononi mwangu. Nikaiacha ipoe. Nikapuliza vumbi. Nikachomoa kikofia kwa kukishika chenyewe. Spana ya plagi ilikuwa ileile ya Baba, nilikuwa nimeihifadhi kwenye sanduku la nguo. Nikafungua pole pole, na kila hatua nilikuwa naisikia sauti yako ikiniambia la kufanya, na kila hatua sauti yako ilikuwa sahihi.

Plagi ilitoka nyeusi, na pale mdomoni masizi yalikuwa yameziba kabisa, yameunganisha juu na chini. Nikasema basi, imechoka tu. Nikachukua moja kwenye kopo lako, mpya, ndani ya boksi lake. Mdomo wake nao ulikuwa umefumba, karibu haipiti hata karatasi. Nikajisemea vizuri, ndivyo plagi nzuri ilivyo. Nikaianza kwa vidole kama ulivyonifundisha, ikazunguka yenyewe bila kulazimishwa, ikafika mwisho, nikamalizia kwa spana kidogo tu. Sikuchubua jino hata moja, kaka. Ikawaka. Kesho yake ikakata.

Nikaenda Kiseke kwenye duka la spea, la yule mama mnene anayeuza amevaa miwani ya kamba, kumbe jina lake ni Mama Zawadi. Nikanunua plagi ya pampu yangu. Nilipofika shambani nikalifungua boksi, nikaona mdomo uko wazi. Nikakasirika. Nilipanda bodaboda mpaka Kiseke tena, nikamwekea plagi yake kwenye kaunta, nikamwambia ameniuzia mbovu, imeachama, anibadilishie, anipe iliyofumba.

Alinitazama juu ya miwani. Akaniuliza, "Iliyofumba ndiyo ipi, mwanangu?"

Nikamwonyesha moja ya zile zako. Aliishika, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kisha akafungua maboksi yake mwenyewe matatu manne mbele yangu, yote yameachama vilevile, sawasawa. Akatoa kwenye msumari ukutani kipande kidogo cha msumeno wa kukatia chuma. Akakipitisha kwenye mdomo wa plagi yake mpya, kikapita kikigusa huku na huku. Akajaribu kwenye ya kwangu, hakikuingia hata kidogo. Akasema, "Moto unatakiwa kuruka hapa. Hii ukiifunga itawaka, lakini cheche yake ni ndogo, na masizi kidogo tu yakiingia imekufa. Nani amekufinyia hivi?"

Nilikuwa nakitazama kile kipande cha msumeno. Nilikuwa nakijua, kaka. Kiko kwenye ufunguo wako wa pikipiki tangu ukiwa kijana. Nilikuuliza zamani ni cha nini, ukaniambia cha kusafishia kucha, nikakuamini kwa sababu kucha zako kweli zilikuwa chafu siku zote. Na pale kwenye kaunta ya Mama Zawadi ikanijia picha yako Buhongwa, umechuchumaa mbele ya pikipiki ya mteja, unatoa funguo mfukoni, unapitisha kile kipande kwenye plagi, unafumba jicho moja, unagonga kidogo, unapitisha tena. Nilikuona ukifanya hivyo mara nyingi mno. Wateja wako wote uliwapimia.

Nilirudi shambani nikamwaga kopo lako juu ya kitenge. Nilitaka nikuhurumie, nakuapia. Nilikuwa natafuta namna ya kusema kwamba ulikosea, kwamba ulinunua toleo baya, kwamba kuna mtu mwingine dukani alikudanganya. Nikazitazama moja moja. Washa zake, zile pete za chini, zilikuwa bado zimevimba, na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba washa ikishafungwa mara moja inabonyea, haivimbi tena. Kwa hiyo zilikuwa mpya kweli, hazijawahi kuingia kwenye injini yoyote. Na juu ya kila moja, kwenye kale kachuma, kulikuwa na alama za meno ya koleo. Ulikaa mahali, kaka. Ulifungua maboksi mapya moja baada ya jingine, ukafinya, ukazirudisha ndani, ukafunga vizuri. Sijui ulikuwa wapi, sijui kama redio ilikuwa inaimba, sijui kama ulinifikiria hata kidogo.

Jioni ile nilikupigia kwa simu ya jirani, namba usiyoijua, ukapokea. Nikasema, "Kaka, nimefungua plagi."

Nikawa nasikia unavyopumua. Kisha ukauliza, "Nani kakufungulia?"

Hukuuliza pampu inaumwa nini. Hukuuliza nyanya zikoje. Ukakata, na tangu hapo safari yako ya Kahama haina mwisho.

Nimejiuliza mengi. Nimejiuliza kama una shida kubwa usiyoweza kuisema, kama gereji inakufa, kama watoto wako wamekosa kitu. Ungeniambia. Ungekuja ukakaa kwenye ile ndoo, ukasema, Kabula, nimekwama, tuuze. Ningelia, ningekutukana pengine, lakini huenda ningekubali, kwa sababu wewe ni Shija na hakuna nisichoweza kukupa ukiniomba. Hukuniomba. Ulichagua kunifanya nijione sifai. Ulinitazama nikivuta kamba mpaka mkono unavimba, huku unajua haitafika mahali. Nyanya nazisamehe, zinapandwa tena. Ule mkono ulioniwekea begani siku ile nalia, huo ndio ninaoshindwa kuusamehe. Nikilala nausikia bado uko pale.

Na ndoo. Mwaka ule nyanya zilipokauka nilichuma nyanya chache zilizonusurika, vitu vya kutia huruma, vimejaa ndoo kwa shida, na bado nilikuletea Buhongwa kwa sababu sheria ya Baba ni sheria. Wewe ndiye uliyekuwa unahangaika na maji, nilidhani. Uliipokea tena kwa mikono miwili. Ulimwambia wifi, "Ona dada yangu alivyo na moyo." Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, kaka. Unaelewa ulichonifanyia? Ulinifanya nifurahi.

Basi, habari za huku ni hizi. Plagi ya Mama Zawadi niliifunga mwenyewe. Aliniongezea kipande cha msumeno bure, nimekitoboa tundu, kiko kwenye ufunguo wa kibanda. Kila Jumamosi naifungua plagi, naitazama, naipiga brashi ya waya kidogo, napima mdomo, nairudisha. Ina rangi ya chai ya maziwa. Pampu inavuta maji asubuhi na jioni bila kukohoa, mpaka majirani waliozoea kelele zangu za kuvuta kamba wanauliza kama nimenunua nyingine. Bustani imesimama. Ukipita Igombe utaiona kutoka barabarani, kijani mpaka kwenye majabali.

Mama sijamwambia. Kila jioni anauliza, "Shija amekuja kuitazama pampu?" Namwambia pampu iko salama. Anasema, "Nilijua, yule hawezi kuwaacha ndugu zake." Nageuka natazama pembeni. Sitaki kuwa mimi wa kumvunja, lakini sitaki pia aendelee kukuombea kila usiku kwa sababu ya uongo, halafu mimi niitikie amina.

Kikao ni Jumapili baada ya ibada, Baba Mdogo ameshapanga, na wifi anajua. Kopo lako nitakwenda nalo. Halitafunguliwa kama utakuja mwenyewe na kusema ulichokifanya kwa mdomo wako, mbele ya Mama. Ukija ukakaa kimya, nitalimwaga mezani, na nitakuomba utoe funguo zako mfukoni uwapimie wazee moja moja, kama unavyowapimia wateja wako. Usipokuja nitapima mimi.

Jana nilichuma ndoo ya kwanza. Zilikuwa nzuri, kaka, Baba angezichagua zote. Mama alikuwa amekuja shambani kuniona, akanisaidia kuijaza, akaifunika na majani, akauliza, "Ya Shija nani ataipeleka Buhongwa?" Nikamwambia hii haiendi Buhongwa. Akanitazama sana. Naona ameanza kuhisi kitu. Nikatoa moja, nikaketi pale kwenye majabali tulipokuwa tunakaa, nikala na chumvi huku nalia. Kisha nikajitwisha ndoo mwenyewe, nikaibeba mpaka nyumbani. Ina uzito kuliko nilivyodhani. Kumbe ulikuwa unaumia kweli shingo, na ulinificha.

Maji mwaka huu nimeleta mimi.

Shikamoo yangu iko palepale juu, sijaifuta tena. Marahaba yake usiitume kwa simu wala kwa mdomo wa wifi. Njoo Jumapili uiseme mbele ya Mama, ukiwa unanitazama usoni.

Mdogo wako, tumbo moja,
Kabula